Mfalme aliyeuliza mwaka wa 23

Mpendwa msomaji, leo ukitoka Misa naomba uzunguke nyuma ya kanisa kabla hujaenda nyumbani. Huenda utakuta msingi ulioota majani, nondo zenye kutu, au rundo la kokoto wanalochezea watoto wa katekisimu. Parokia nyingi ninazozijua zina kitu cha namna hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na changu.

Maandiko Matakatifu nayo hayakuficha jambo hili. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi anawaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuziba nyufa za hekalu. Agizo lilikuwa wazi, fedha zilikuwa zikiingia, na watendaji walikuwa watu wa Mungu. Hata hivyo, ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa palepale. Ndipo mfalme akamwita kuhani Yehoyada na wenzake, akawauliza kwa nini hawajatengeneza.

Ona kwamba mwandishi hasemi makuhani waliiba. Anasema tu kwamba kazi haikufanyika. Na mfalme naye hana sifa kubwa hapo, kwa kuwa swali la siku moja lilimchukua miaka mingi kulitamka.

Nilipokuwa paroko katika parokia moja ya vijijini, tulianza kujenga hosteli ya wasichana. Mabinti wetu walikuwa wakipanga vyumba karibu na sekondari, wakijipikia na kujilinda wenyewe, na kila mwaka wengine walirudi nyumbani wakiwa wajawazito. Waumini walichanga kwa moyo. Jumuiya ndogondogo zilibeba mawe kichwani. Siku ya kuweka jiwe la msingi vigelegele vilisikika hadi sokoni. Tukachagua kamati ya watu 9.

Kikao cha kwanza walikuja wote 9. Cha pili walikuja 5. Cha tatu hakikufanyika, nami sikuuliza. Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, mtu wa sala, tena mchangiaji mkubwa. Niliona kumwuliza hesabu ni kumvunjia heshima.

Ulipita mwaka na nusu. Siku moja mama mmoja alinifuata sakristia baada ya Misa. Akaniambia, "Baba Paroko, tulipochanga, binti yangu alikuwa kidato cha pili. Sasa yuko nyumbani na mtoto. Ile hosteli imefikia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jioni ile tulifungua stoo. Mifuko ya saruji ilikuwa imeganda kama mawe. Tukakaa na kuulizana. Fundi aliondoka kwa sababu hakulipwa awamu ya pili. Mhazini hakulipa kwa sababu alikuwa akingoja sahihi ya mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa akingoja kikao, na katibu alikuwa akingoja paroko aitishe kikao. Hakuna aliyekula hata shilingi moja. Tulikuwa waaminifu wote, na wote tulikuwa tukingojana. Wakati huo binti wa watu alikuwa amekwisha kuacha shule.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata muda hupotea hivyo hivyo, nao haurudishwi kwa mchango wa pili.

Turudi kwa Yoashi. Hakuwafukuza makuhani. Alibadili utaratibu. Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, mahali ambapo kila aliyeingia angeliona. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja kuhesabu pamoja. Fedha zikaenda moja kwa moja kwa wasimamizi, nao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua mbao na mawe. Hekalu likatengenezwa.

Sisi tulifanya jambo dogo kuliko hilo. Kila Dominika ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili, kamati ilisimama palepale kwenye ujenzi kwa dakika 20. Maswali yalikuwa matatu. Mwezi uliopita tulisema tutafanya nini? Tumefanya nini? Kilichokwama ni kipi, na nani atakikwamua kabla ya Dominika ya kwanza ijayo? Majibu yaliandikwa kwenye daftari pamoja na jina la mhusika, na Dominika iliyofuata yalisomwa kwenye matangazo. Hosteli ilichukua miaka miwili zaidi. Si jengo la kujivunia, lakini mabinti wanalala humo.

Wapo wanaosema kufuatiliana namna hii ni kukosa imani. Sivyo. Mtume Paulo, alipokusanya michango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka ibebwe na mtu mmoja. Katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba alituma ndugu wengine waende na Tito, asije mtu akawalaumu kuhusu fedha hizo. Ni Paulo huyo huyo aliyemwambia Barnaba warudi katika kila mji walikohubiri, wakaone ndugu wanaendeleaje. Hakuridhika na kupanda tu. Kanisa nalo linadai hivyo: kila parokia iwe na kamati ya fedha (kanoni 537), na waamini waelezwe matumizi ya walichomtolea Mungu (kanoni 1287). Anayeuliza kwa upendo anamkinga mwenzake na lawama, na pia na uzembe wake mwenyewe.

Tena jambo hili si geni kwetu. Kila jioni Mama Kanisa anatualika kutafiti dhamiri kabla ya kulala. Anayengoja hadi Kwaresima kuitazama roho yake hukuta mengi yamekwisha kuganda stoo.

Basi wiki hii, mpendwa, chagua kazi moja uliyokabidhiwa au uliyochangia: mfuko wa jumuiya, shamba la kigango, ada ya yatima mliyeahidi kumsomesha. Mwendee mhusika kwa heshima, umwulize imefikia wapi. Kama mhusika ni wewe, usingoje kuulizwa. Na kama mhusika ni paroko wako, muulize na yeye. Mimi niliulizwa na mama yule, na hadi leo namshukuru, ingawa kwa binti yake swali lilikuwa limechelewa.