Darasa la ngozi lianzie machinjioni

JICHO LA KAGERA
Na Jovitha Mugisha

Ng'ombe akichinjwa alfajiri Nkwenda, Kyerwa, au Kihanga, Karagwe, thamani ya ngozi yake inaamuliwa kabla jua halijapanda, na anayeiamua ni kijana mwenye kisu. Akichuna ovyo, akaacha matundu na mikato upande wa nyama, hakuna kiwanda duniani kitakachoyaziba. Mnunuzi atashusha daraja na bei, au ataiacha ngozi pale pale igombaniwe na mbwa.

Wengi wa vijana hawa hawajawahi kuitwa kwenye mafunzo yoyote. Walijifunza kwa kumtazama aliyewatangulia, makosa yake yakiwa ndani. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuwafundisha wafanyakazi wa sekta ya ngozi kwa mtandao, nataka kwanza tukubaliane kwamba mchunaji ni mfanyakazi wa sekta hiyo, tena wa mwanzo kabisa. Fundi wa kiwandani na mshona viatu wanapokea kile alichobakiza.

Tunayo Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inayofundisha teknolojia ya ngozi na iliyowezeshwa na mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia ili ihudumie ukanda mzima. Ni chuo cha kujivunia. Lakini mchunaji wa Kyerwa hawezi kufunga safari ya Mwanza akaishi huko miezi kadhaa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea msafiri adha ya kusubiri kivuko. Nauli, chakula na pango bado ni juu yake, na nyumbani kuna watoto wanaokula kwa ujira wa siku.

Basi chuo kimfuate. Mitandaoni masomo yapo: UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, limeweka masomo ya ngozi, likiwamo la kusafisha maji machafu ya viwandani. Hayo yanamfaa mhandisi wa kiwanda. Wa kwetu anahitaji video ya dakika tatu, kwa Kiswahili, iliyopigwa kwenye machinjio yanayofanana na yake. Imwonyeshe mstari wa kwanza unavyopita katikati ya kifua na tumbo. Imwonyeshe kwa nini kisu cha kuchunia kina ncha ya mviringo, tofauti na kile cha kukatia nyama. Imwonyeshe kwamba ukishafungua miguu na tumbo, kisu unakiweka kando, ngozi ya ubavuni unaisukuma kwa ngumi huku mkono wa pili ukiivuta.

Hapo kwenye ngumi simu inafika mwisho wake. Nguvu ya kusukuma bila kupasua haionekani kwenye kioo. Lazima mtu asimame pembeni, aone kiwiko kilivyokaa, aseme legeza. Mtu huyo tunaye: ni mtaalamu wa mifugo anayefika machinjioni kukagua nyama. Akifundishwa yeye kwanza, na DIT ikamtumia masomo na majaribio kwa simu, kila machinjio yanakuwa darasa.

Wala si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi: redio ikasema, kijitabu kikasomwa, kiongozi wa kikundi akaongoza mjadala, kisha watu wakatoka kuchimba vyoo. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha VSOMO, ambapo mwanafunzi husoma nadharia kwenye simu kisha huenda chuoni kwa vitendo. Na Karagwe tuna Redio Fadeco, iliyozoeleka kwa wakulima wetu; mwenye kitochi na asiye na bando naye atasikia kipindi cha ngozi.

Sasa chumvi. Ngozi ikikaa saa chache bila kutiwa chumvi huanza kuoza, na manyoya yakishaanza kung'oka mkononi, mnunuzi anageuka. Kanuni ni asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa ngozi mbichi: ngozi ya kilo 20 inataka chumvi kilo 6 hadi 8. Hesabu hiyo inatosha kwenye ujumbe mfupi wa simu. Ila chumvi, iwe ya Uvinza au ya Katwe ng'ambo ya mpaka, inanunuliwa leo kwa fedha taslimu, na bei ya ngozi mwenye bucha haijui. Somo lisilomwambia atauza wapi, kwa daraja lipi na kwa kiasi gani, atalisikiliza kwa adabu kisha aendelee kutupa ngozi. Sitamlaumu. Bei za ngozi ziwe sehemu ya somo, zitumwe kila wiki.

Mfugaji naye aingizwe. Mwaka 2017 mifugo ilipigwa chapa nchi nzima. Chapa ya moto ikikaa ubavuni inaharibu sehemu bora ya ngozi. Ikikaa shavuni au chini ya goti hasara yake ni ndogo. Kupe nao wanatoboa. Ng'ombe wa Ankole anayetunzwa kwa fahari kwa miaka mingi hastahili kuishia na ngozi isiyo na mnunuzi.

Kijana atakayemaliza mafunzo apimwe kwa kisu, mbele ya mkaguzi, na apewe cheti kupitia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi. Chuo cha VETA cha mkoa kipo Burugo, Bukoba, tangu 2022. Mpimaji anaweza kutoka huko akaja Kayanga, Karagwe.

Fedha za kuanzia si za kutafuta mbali. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa machinjio. Sehemu yake inunue visu vya ncha ya mviringo, chumvi ya mazoezi na bando, kwa machinjio mawili ya majaribio, moja Karagwe na moja Kyerwa. Madiwani wanaweza kulipitisha hilo katika bajeti ijayo bila kumsubiri mfadhili.