Nusu siku Worpswede

Jumamosi iliyopita nilipanda basi kutoka Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, na kabla ya saa moja kuisha nilikuwa nimeshuka Worpswede. Sikuwa na mahojiano wala habari ya kufukuzia. Nilikwenda kutembea tu. Nalisema hilo mapema kwa sababu mkimbizi akionekana anakula keki hadharani, hakosi mtu wa kumwuliza kama amesahau kwao. Keki nilikula, tena vipande viwili.

Worpswede ni kijiji kilichozungukwa na kinamasi. Zamani watu wake walikuwa fukara. Walikata udongo mweusi wa kinamasi, wakaukausha na kuupeleka Bremen kwa mashua ukauzwe kama kuni. Mwaka 1884 alifika mchoraji kijana, Fritz Mackensen, akapapenda. Mwaka 1889 yeye na wenzake, akiwemo Otto Modersohn, wakaamua kubaki. Wachoraji wakavuma, wakata udongo waliochorwa wakaendelea kukata udongo. Sina haki ya kuwacheka. Sisi waandishi tumepiga picha ngapi kambini bila kurudi kuwaonyesha wenyewe gazeti?

Kwenye makaburi ya kanisa amelala Paula Modersohn-Becker, mchoraji aliyefariki 1907 akiwa na miaka 31, siku chache baada ya kujifungua. Alipokuwa hai aliuza picha za kuhesabika vidoleni. Mwaka 1927, Bremen ikamfungulia makumbusho yake mwenyewe.

Lakini muda mwingi niliumaliza Barkenhoff, nyumba ya Heinrich Vogeler. Huyu alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, mchoraji wa bustani na wasichana warembo, kipenzi cha wenye fedha. Akajitolea kwenda Vita Kuu ya Kwanza, akayaona ya kuyaona, na Januari 1918 akamwandikia Kaisari barua ya kudai amani. Jibu lake lilikuwa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili akachunguzwe. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hapo.

Baada ya vita aliigeuza nyumba yake kuwa makazi ya kijamaa, kisha ikawa ya watoto. Michoro yake ukutani ikazua ugomvi na wakubwa. Mwaka 1931 akahamia Umoja wa Kisovieti, nchi aliyoiamini kwa moyo wote. Mwaka 1941 nchi hiyo hiyo ikamhamishia Kazakhstan kwa nguvu, kwa kosa la kuwa Mjerumani. Akafa huko mwaka 1942, hoi. Mackensen, aliyejiunga na chama cha Wanazi, aliishi mpaka 1953.

Leo kijiji kinawaonyesha wote wawili. Wapo watakaosema ni biashara ya watalii tu, na kweli tiketi nilikata. Mimi naona ni afadhali kuliko yetu. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zilichomwa na kuvunjwa, tukatawanyika. Mwaka 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kupiga ngoma zetu, zile zile ambazo UNESCO ilikuwa imeziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014.

Tulio nje tunapenda kusema kwamba historia itatuhukumu. Historia ipi, kama kanda zimeungua? Badala ya kugombana kila wiki nani atakuwa mwenyekiti wa chama cha wanahabari walio uhamishoni, tungekusanya kila kipindi kilichosalia: kwenye simu za zamani, kwenye CD, kwenye masanduku ya wasikilizaji waliokuwa wakiturekodi. Wenye kumbukumbu hizo wanazeeka, wengine wameshakufa.

Nikiwa kituoni nasubiri basi la kurudi, dada yangu alinipigia simu kutoka Bujumbura. "Kaka, uko wapi, mbona nasikia ndege?" Nikamwambia. Akacheka, akasema angalau mmoja wetu anapumzika. Kisha nikamwuliza kuhusu mfuko niliomwachia usiku ule wa 2015. Alinijibu, lakini jibu lake siliandiki hapa.