Ukipanga vakansi ya Léman, usiishie kwenye picha ya otele

Mwezi wa saba uko karibu, na ndugu zetu wa Bruxelles, Liège na Lyon wameisha kuanza kuulizana: mwaka huu watoto tuwapeleke wapi? Kurudi nyumbani, tiketi za familia nzima zinameza feza ya mwaka. Basi wengi wanataja Léman, lile ziwa kubwa kati ya Uswisi na Ufaransa. Hapa kwetu kuna wanaosema kukaa kando ya ziwa ni mambo ya wazungu, na kwamba mwenye feza ya kutembea angeituma kwa mama. Mimi sikubali. Mtu aliyefagia ofisi za watu mwaka mzima ana haki ya siku tano mbele ya maji. Neno langu ni juu ya namna safari yenyewe inavyopangwa.

Namna hiyo tunaijua, kwani picha zinatufikia kwenye simu. Kwanza Jet d'eau ya Genève, yale maji yanayorushwa mita 140 juu. Kisha sanamu ya Freddie Mercury pale Montreux. Kisha yaya amesimama mbele ya otele kubwa ya Lausanne, mkono juu ya gari isiyo yake. Siku tatu zimekwisha, feza imekwisha, na watoto hawajajua walikuwa wapi. Katika maziwa yote ya Bulaya, hili si la kupita hivyo, zaidi sana kwa Mkongomani.

Tuanze na feza, maana njo inavunja mipango mingi. Uswisi ni bei kali, tusidanganyane. Lakini ziwa lina ng'ambo mbili, na ile ya kusini ni Ufaransa, wanalipa na euro. Lala Thonon ao Évian. Meli inatoka Évian na kufika Lausanne kwa kama dakika 35: asubuhi unaenda, jioni unarudi. Tangu mwisho wa 2019 kuna pia treni, Léman Express, inayounganisha Évian na Genève. Ukitaka kabisa kulala Uswisi, uliza otele yako juu ya karata ya usafiri. Genève, Lausanne na Montreux, mgeni anayelala otele anapewa karata ya kupanda bisi bila kulipa, na watu wengi wanarudi kwao bila kujua kama ilikuwa haki yao. Kuoga nako si lazima kuwe kwa matajiri. Bains des Pâquis, katikati ya Genève, unaingia kwa faranga chache, na katika mwezi wa saba na wa nane maji yanapita digri 20.

Na mambo ya karatasi, tafadhali. Uswisi haiko katika Umoja wa Ulaya, lakini iko katika Schengen. Mwenye karata ya ukaaji ya Ubelgiji ao ya Ufaransa haombi visa ingine kwa safari fupi, ila abebe na pasipoti yake. Yule anayengojea bado jibu la ukimbizi asijaribu kuvuka, hata kama ni meli ya nusu saa tu na marafiki wote wanapanda. Picha moja haifai kuharibu dosie ya miaka.

Sasa meli zenyewe. Kampuni ya ziwa, CGN, ina meli nane za zamani zenye magurudumu ya kupiga maji, zilizojengwa kati ya 1904 na 1927, na tano kati yazo zinatembea bado kwa mvuke. Panda moja, hata mara moja. Mtu wa Kalemie ao Uvira atacheka kidogo: Léman ina kina cha mita 310, na Tanganyika inafika karibu 1,470! Lakini atanyamaza akiona meli ya 1904 inafika kwa saa iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kutoka Montreux, kwa mguu kando ya maji, unafika kasri la Chillon. Huko chini, katika chumba cha mawe, walimfungia François Bonivard tangu 1532 mpaka 1536, kwa sababu alipinga utawala wa duke wa Savoie juu ya Genève. Byron, mwandishi Mwingereza, alipita hapo 1816 akamtungia shairi, na mpaka leo wanaonyesha jina lake limechongwa kwenye nguzo. Watoto wanapenda Chillon. Wapeleke.

Évian pia haiuzi maji ya chupa tu. Mwezi wa saba 1938, katika Hôtel Royal, wajumbe wa nchi 32 walikutana siku kumi kuzungumzia Wayahudi waliokuwa wanakimbia Hitler. Karibu wote walisema wanawahurumia, karibu wote wakakataa kuwapokea. Kisha, katika muji ule ule, tarehe 18 mwezi wa tatu 1962, Ufaransa na Waaljeria walitia sahihi mapatano yaliyomaliza vita ya miaka karibu nane. Wajumbe wa Aljeria walikuwa wanalala upande wa Uswisi na kuvuka kwenda mazungumzo. Mimi ningependa mtoto wa Mkongomani aliyezaliwa Liège ajue mambo hayo mbili mbele ya kuonja maji ya bure ya chemchemi.

Halafu tunafika kwetu. Lausanne, chini kwenye maji, mtaa wa Ouchy, kuna otele Beau-Rivage. Ni ile ile ambayo yaya anapigia picha. Mwezi wa nane 1996 Mobutu alipasuliwa katika hospitali ya Lausanne, na akakaa katika otele hiyo kupumzika. Mwisho wa mwezi wa kumi Uvira ilianguka, kisha Bukavu, kisha Goma, na mukubwa wa inchi alikuwa bado anatazama Léman. Wazee wetu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani, wakimsikia kwenye redio.

Tena alikuwa na villa yake huko juu kidogo, Savigny. Mwaka 1997 Uswisi ilifunga mali yake. Miaka kumi na mbili feza ilikaa hivyo, serikali zetu zikiandika barua nusu-nusu. 2009 mahakama ya Uswisi ikakataa kuendelea kuifunga, kwa sababu muda wa kesi ulikuwa umepita, na kama milioni 7.7 za faranga za Uswisi zikarudia warithi. Kisha Uswisi ikatunga sheria ya kuzuia jambo la namna ile lisirudi. Sisi tulikuwa tumeisha kosa.

Kuna atakayeniambia: papa, watu wako vakansi, usiwaletee kilio. Sileti kilio. Nasema mtu anayejipiga picha mbele ya mlango ule ajue nani alilipa chumba. Mwarabu wa Alger anayetembea Évian anajua aliyelala wapi 1962. Sisi tunajua bei ya kahawa tu.

Basi siku tano zigawe hivi: moja ya kuoga na kulala, moja ya Chillon, moja ya Évian, moja ya Genève, na ya mwisho ya Lausanne. Siku hiyo ya Lausanne shukeni Ouchy kwa metro, kaeni kwenye bustani ya umma mbele ya maji, haiombi faranga hata moja, kuleni mkate mliobeba. Hapo waeleze watoto ya 1996, polepole, kwa Kiswahili kama wanasikia. Na uliza mapema saa ya meli ya mwisho ya Évian, kwa sababu ikikuacha, chumba cha Lausanne utakilipa wewe mwenyewe.