Mradi Wetu Unalala Chini ya Ngazi

Siku niliyopewa alama za mradi wangu wa mwaka wa tano, niliambiwa niupeleke stoo. Miezi minane ya kazi, dakika kumi na tano za kuutetea mbele ya wahadhiri watatu, halafu: "Asante, toa vitu vyako, mwite anayefuata." Mzee wa maabara akachomoa funguo, akafungua kijimlango cha mbao chini ya ngazi, akaniambia, "Inama, kijana wangu, usijigonge."

Mradi wenyewe ulikuwa kipimo cha maji. Hosteli yetu ina tangi moja kubwa juu ya paa, na hakuna anayejua kwamba limekauka hadi mtu ajipake sabuni halafu bomba lianze kukohoa. Ukiishi pale unazoea: mitungi ya lita ishirini kwa foleni alfajiri, na komredi mmoja aliyejifunga taulo akitukana ukoo mzima wa keateka. Mimi na mwenzangu tukaunda kifaa kinachopima kina cha maji kwa mawimbi ya sauti, kisha kinamtumia keateka SMS kabla maji hayajaisha. Hakikuwa kitu cha ajabu. Kilikuwa kitu kinachohitajika.

Sasa nikiwa nimeinama ndani ya ile stoo, natafuta nafasi ya kuweka boksi letu, nikaona boksi lingine. Lilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Juu yake kulikuwa na kipande cha selotepu ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: "Tangi la hosteli, 2017." Nikalifungua. Tangi lilelile. Wazo lilelile. Ndani ya kifuniko, mtu nisiyemjua alikuwa ameacha ujumbe: "Sensa ya kawaida haifai, mvuke unaiua. Tumia ile ya bampa ya gari. Acha sm 25 juu."

Nilikaa chini, kwa vumbi, na suruali yangu ya kutetea mradi.

Sisi tulikuwa tumeua sensa tatu kabla ya kugundua kwamba ni mvuke. Wiki tano zilienda hivyo, pamoja na pesa ya chakula. Tulikuwa tukipanda matatu hadi Luthuli kununua sensa nyingine ileile, tukidhani tumeuziwa feki, tukirudi kula chapo moja watu wawili. Na wakati huo wote jibu lilikuwa nyuma ya mlango tuliokuwa tukiuegemea tukisubiri darasa lifunguliwe.

Watu wakiilalamikia digrii ya uhandisi wa kompyuta hapa Kenya, kwa kawaida wanalalamikia mtaala. Ati bado tunafundishwa 8086, chipu ambayo Intel iliitoa mwaka 1978. Mimi sina ugomvi na 8086. Prosesa za Intel na AMD zilizo kwenye laptopu nyingi leo ni za ukoo wake, na ukimwelewa babu utamwelewa mjukuu. Wengine wanalia na hesabu. Hata hesabu sina noma nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tunasomea uhandisi kwa miaka mitano kama watu wanaofanya mtihani mmoja mrefu, kila mtu amefunika karatasi yake kwa mkono, na kila Septemba idara nzima inaanza kutoka sifuri.

Ingia kwa maonyesho ya miradi ya mwaka wa mwisho, mwaka wowote. Utaona kengele ya moto inayotuma SMS. Utaona shamba linalojinyunyizia maji. Utaona mlango unaofunguka kwa alama ya kidole. Rudi mwaka ujao, utaviona tena, vikiwa vimekwama palepale vilipokwama. Watu wanacheka, wanasema vijana wa siku hizi hawana ubunifu. Uongo. Kengele ya moto inarudi kila mwaka kwa sababu nyumba zinaungua kila mwaka, na ile ya mwaka jana imefungiwa stoo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwetu koleo haijavunjika hata. Iko nzima, tumeificha, na tunamwambia mhunzi mpya aanze kwa kutafuta mawe ya chuma.

Linganisha na hao hao wasee wa Luthuli tunaowadharau. Simu ikimshinda fundi, anainua kichwa na kuuliza meza ya pili. Meza ya pili ikishindwa, kijana anatumwa ghorofani kwa mtu fulani anayezijua hizo. Mwanafunzi wake anakaa kando yake, anaona anachokosea na anavyorekebisha. Hakuna mtu hapo anayelazimishwa kugundua upya kwamba maji yameingia kwa chaji. Ujuzi unavuka meza. Halafu sisi, wenye maabara na maktaba, tunamwita yule "fundi tu" na kujiita wahandisi.

Au tuende mbali kidogo. Mwaka 1987 mwalimu mmoja Uholanzi, Andrew Tanenbaum, alitoa Minix, mfumo mdogo wa kompyuta alioandika ili wanafunzi wausome ndani na nje. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akautumia, ukamkera hapa na pale, na mwaka 1991 akatoa wake mwenyewe, Linux. Haukuwa umekamilika. Uzuri ni kwamba haukufungiwa popote. Watu wasiomjua wakausoma, wakaukosoa, wakaurekebisha. Leo kila simu ya Android inatembea juu ya Linux. Kama Linus angesomea kwetu, angepewa alama 68, akaambiwa marejeleo yake hayajapangwa vizuri, na akaonyeshwa mlango mdogo chini ya ngazi.

Na msiniambie uwezo hatuna. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, kijiboksi cha sentimita 10 kila upande, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilifanywa kwa ushirikiano na Wajapani na Waitaliano. Kuna watu wanaoona ushirikiano huo kama aibu. Mimi naona ndivyo uhandisi unavyofanywa: unapanda juu ya mabega ya aliyetangulia.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, pesa hakuna. Ni kweli, na waliosoma kwa mkopo wa HELB hawahitaji kukumbushwa. Lakini stoo ipo tayari. Funguo ipo. Mzee wa maabara yupo, na anajua kila boksi lililo ndani kuliko mhadhiri yeyote. Ninachoomba ni mlango ufunguliwe.

Pili, wanasema wanafunzi wataiba. Ukiwaonyesha miradi ya zamani watanakili. Bana, kwani sasa hivi wanafanya nini? Kila mtu chuoni anajua kuna jamaa tao wa kukutengenezea mradi mzima kwa elfu kadhaa, na ripoti juu. Biashara hiyo inanawiri gizani. Ningejua mradi wa 2017, ningelazimika kuutaja, na mhadhiri angeniuliza swali la maana: wewe umeongeza nini? Hilo ni swali ambalo huwezi kulijibu kwa kitu ulichonunua.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyataka, na sitaki kamati. Mwaka wa nne, kabla mtu hajapendekeza mradi mpya, achague mmoja uliolala stoo, aufufue, aandike kwa nini ulikufa, na apewe alama kwa kazi hiyo. Kila ripoti iwe na ukurasa wa makosa: sensa ngapi zimeungua, kwa nini, na nini kimefaulu badala yake. Programu na michoro iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma. Na mzee wa maabara akae kwenye meza ya kutahini, maana yeye peke yake ndiye anayekumbuka.

Nilimuuliza, siku ile, kama alikuwa amekumbuka boksi la 2017 alipotuona tukihangaika. Akasema alikumbuka.

"Mbona hukutuambia, mzee?"

"Nilikaripiwa mara moja," akasema. "Niliambiwa kusaidia wanafunzi ni kuvuruga mtihani."

Sikuwa na la kumjibu. Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya maandishi ya yule mtangulizi wangu kwamba sensa ya bampa inafanya kazi, kwamba betri inakufa baada ya siku nne tukiacha kifaa kipime kila dakika, na kwamba ukipima kila nusu saa itadumu zaidi. Nikayaweka maboksi mawili pamoja, letu juu ya lake.

Nimemaliza chuo. Tangi bado halina kipimo. Majuzi komredi aliye huko alinitumia video ya foleni ya mitungi, na nikaitambua hadi rangi ya baadhi yake. Kwa hivyo wewe uliye mwaka wa nne, unayepanga kwenda Luthuli Jumamosi na pesa ya mamako mfukoni, ngoja kwanza. Shuka hadi maabara. Msalimie mzee kwa heshima, umuulize kuna nini chini ya ngazi. Akikataa kukufungulia, usimlaumu. Panda juu ofisini, uwaulize waliomkaripia.