Tumbo Joto Si Fumbo Tu

Mtu aliyejawa na wasiwasi tunasema yuko tumbo joto. Wengi wetu tumeuchukua msemo huo kuwa fumbo tu, hasa nyakati za uchaguzi. Sayansi inaanza kutuonyesha kuwa una ukweli ndani yake.

Utumboni mwa binadamu mnaishi matrilioni ya bakteria, na utumbo huwasiliana na ubongo kupitia neva iitwayo vagasi. Mwaka wa 2011, watafiti wa Cork, Ireland, waliwalisha panya aina moja ya bakteria wasio na madhara. Hofu ya panya hao ilipungua. Neva hiyo ilipokatwa, nafuu haikuonekana. Naam, panya si binadamu, na asitokee mtu wa kutuuzia chupa ya maziwa kama dawa ya huzuni. Hata hivyo, nchini Australia, utafiti wa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wa sonona waliosaidiwa kuboresha mlo walipata nafuu kuliko wenzao ambao hawakusaidiwa hivyo.

Sisi tunafanya nini? Majuzi mjini Kitale niliingia katika duka la dawa nikiwa na mafua. Kabla sijamaliza kueleza, nilikabidhiwa vidonge vya antibiotiki. Sikuulizwa cheti cha daktari, ilhali sheria inakitaka. Vidonge hivyo haviui virusi vya mafua. Huua bakteria, wakiwemo wale wanaotufaa.

Kutoka huko niliteremka kupitia Webuye hadi Bungoma kumwamkua shangazi. Nilikuta wajukuu wakinywa soda kwa mkate mweupe. "Mwanangu," akanilalamikia, "ugali wa wimbi na mrenda hawautaki. Wanasema ni chakula cha maskini." Kumbe nyuzinyuzi za vyakula hivyo ndizo chakula cha bakteria wetu! Hata mursik, maziwa yaliyogandishwa katika vibuyu vya majirani zetu wa Trans Nzoia, vijana wengine huyaonea haya.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Wakaguzi na watekeleze sheria ya dawa bila kuoneana haya. Wazazi nao warudishe wimbi na mboga za kienyeji mezani. Aidha, aliyelemewa na huzuni asifiche. Aende hospitalini, kwani chakula humsaidia daktari lakini hakichukui nafasi yake.