Katanga inachimba ardhi, lakini haijaisikiliza vya kutosha

Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa Ziwa Tanganyika. Kule Kalemie nyumba zilianguka na watu wakapoteza maisha. Hata hivyo, wakaaji wengi wa Lubumbashi bado wanaona matetemeko kuwa shida ya Goma na Bukavu tu. Wanajidanganya. Tawi moja la bonde la ufa linashuka upande wetu, kupitia Ziwa Moero na bonde la Upemba.

Chanzo cha ufa huo kiko chini sana. Mgodi wa Kipushi, wenye kina cha zaidi ya mita 1,000, haujafika popote: gamba la dunia chini ya bara lina unene wa kilomita 40 hivi. Chini yake kuna manto, tabaka la mawe ya moto linaloshuka hadi kilomita 2,900. Mawe hayo ni magumu, lakini yanatiririka sentimita chache kwa mwaka.

Hakuna aliyefika huko. Mawimbi ya matetemeko ndiyo yanayotuletea habari. Kule Japani, bamba la Bahari ya Pasifiki linazama chini ya nchi, na mawe ya manto yanalizunguka kama maji yanavyopita pembeni mwa kasia la mvuvi wa Lualaba. Mtiririko huo unapanga chembe za madini ya olivini upande mmoja. Aina fulani ya mawimbi ikipita humo inagawanyika mara mbili, moja likimtangulia mwenzake kwa sekunde moja hivi. Tofauti hiyo inaonyesha mawe yanaelekea wapi. Kwetu hakuna bamba linalozama. Kinyume chake, mawe yenye joto kali yanapanda, na mawimbi yanapita humo polepole. Lakini namna ya kuyasoma ni ileile.

Kusoma huko kunataka sismografu nyingi, mwaka baada ya mwaka. Kivu ina kituo cha Lwiro na kile cha volkano cha Goma. Katanga nayo inastahili mtandao wake.

Kuna watakaouliza: umeme wenyewe hautoshi, sismografu za nini? Umeme huo unatoka kwenye mabwawa kama Nzilo na Mwadingusha. Mwenye bwawa anapaswa kujua ardhi iliyo chini yake inafanya nini. Sismografu haitabiri siku ya tetemeko, ila inaonyesha nyufa zipi ziko hai, ili tujue pa kujenga na namna ya kujenga.

Pesa zipo. Sheria ya migodi ya 2018 inaipa jimbo asilimia 25 ya redevansi ya madini, na asilimia 10 inaenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Bunge la jimbo litenge sehemu ndogo kwa vituo vya Lubumbashi, Pweto na Mitwaba, na UNILU, inayofundisha jiolojia, ivisimamie. Shaba itakwisha siku moja. Ufa utabaki, pamoja na watoto wetu.