Corona Ilipoingia Bongo, Mgonjwa Alipewa Matusi Kabla ya Pole

Kila ukitangazwa ugonjwa mpya hapa nchini, kazi ya kwanza ya watu wa mitandaoni ni moja: kumsaka aliyeuleta. Ilikuwa hivyo Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Kagera, watu watano wakiwa tayari wameshafariki. Januari 2025 Marburg ikatangazwa tena, Biharamulo, na Machi mwaka huohuo ikaja zamu ya mpox. Dalili hazijulikani, namna ya kujikinga haijulikani, ila swali limeshatua: ni nani huyo, katoka wapi, Insta anatumia jina gani?

Lakini hakuna kipindi ambacho tabia hii ilijianika kama Machi 2020.

Jumatatu ya tarehe 16, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania. Mwanamama wa Kitanzania, katua KIA jana yake akitokea Ubelgiji. Pale uwanjani alipimwa joto kama abiria wengine, hakuwa na homa. Baadaye akiwa Arusha akajisikia vibaya, akaenda mwenyewe hospitali ya Mount Meru. Hakujificha wala hakutoroka. Yaani alifanya kile ambacho mabango yote yaliyobandikwa baadaye yalikuwa yanawaomba watu wafanye.

Malipo yake yakawa nini? Matusi. "Katuletea." "Si angebaki hukohuko Ulaya." Watu wakaanza kuchimba maisha yake kama vile kagombana na mke wa staa. Habari kwamba alijipeleka hospitali mwenyewe wengi waliiruka, kwa sababu hiyo haina umbea ndani yake. Na kabla Machi haijaisha mama huyo akapona na kuruhusiwa. Kelele za siku hiyo hazikufika hata robo ya zile za siku aliyotangazwa.

Siku chache baadaye moto ukahamia kwa mastaa. Rapa mmoja mkongwe, jina kapuni ila mnamjua, alitoka Afrika Kusini, akapima, akajirekodi video na kusema wazi kwamba amekutwa na corona na yuko karantini. Wiki hiyohiyo meneja wa staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, aliyekuwa Ulaya kikazi, naye akasema anayo. Watu wazima wawili, wenye majina, wamejitokeza bila kulazimishwa na mtu.

Zikaanza komenti. "Kiki hiyo." "Kuna ngoma inakuja." "Wamelipwa hao."

Sasa linganisha. Siku kadhaa kabla ya hapo Tom Hanks na mkewe Rita Wilson walitangaza wakiwa Australia kwamba wanaumwa, na Wabongo haohao waliandika "pole sana legendi", emoji za mikono ya maombi zikajaa. Mzungu wa kwenye sinema kapewa pole ya Kiswahili ambayo hata haelewi. Mbongo aliyekulia Tanga, anayerap kwa lugha yao, kaambiwa anatafuta kiki.

Haikuwa Bongo tu, tuseme ukweli. Idris Elba naye aliposema anaumwa, Marekani ikaanza stori kwamba mastaa wanalipwa ili waseme wana corona. Cardi B, yuleyule ambaye sauti yake ya kupiga kelele kuhusu corona iligeuzwa mdundo na kuchezwa hadi kwenye bodaboda, alisema laivu kwamba anaanza kuhisi kuna watu wanalipwa. Idris ikabidi ajibu kwamba huo ni upuuzi. Kwa hiyo ugonjwa wa kutomwamini mgonjwa nao ulisafiri, na wala haukuhitaji ndege.

Tofauti ni kwamba huku kwa Wabongo shaka ile ilikuwa na mizizi. Mastaa wenyewe ndio waliowafundisha watu hivyo. Mtu anazusha ameachwa, kesho anatoa wimbo wa kuachwa. Mwingine anaposti kitanda cha hospitali na dripu, watu wanalia usiku kucha, asubuhi ni tangazo la video mpya. Ukishadanganya kijiji mara tano kwamba chui kaja, ya sita ukilia kweli wanaendelea kula ugali. Hilo deni wanalo wasanii, walibebe. Ila kumtukana mtu aliyesimama mbele ya kamera na kusema "ninaumwa, msinikaribie" ni kitu kingine kabisa, kwa sababu wanaoangalia ni wengi na kila mmoja anajifunza somo moja: ukiumwa, nyamaza.

Na somo hilo lilisafiri mbali. Lilifika mpaka Sumbawanga.

Hapa lazima iguswe ile mizaha. Mitandaoni Sumbawanga si mji, ni kichekesho. Likitajwa jina tu, watu wanaandika ungo, radi, fisi, usafiri wa usiku. Corona ilipoingia, mizaha ikapanda daraja. Eti corona ikifika Sumbawanga itageuzwa msukule ikalime mahindi. Eti itapigwa radi ikiwa bado Tunduma. Eti wazee wa kule wameshaifungia kwenye kibuyu. Zingine zilichekesha kweli, hata wenyeji waliziweka statasi. Wenyewe wanajua jina la mji wao kwa Kifipa lina maana ya "tupa uchawi", yaani ukifika hapa huo uchawi wako uache nje. Wabongo wameligeuza kichwa chini miguu juu kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuomba radhi.

Shida ya mzaha ule ni kwamba ulisaidia watu wasiwaze. Sumbawanga ikaonekana kama mahali ambapo ugonjwa hauwezi kufika, kwa sababu ya uchawi au kwa sababu ya umbali. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, ndio. Lakini lami ipo. Basi linalotoka Dar linapita Mbeya, linapita Tunduma, linapita Laela, linaingia mjini na abiria wake wote. Na Tunduma imepakana na Nakonde ya Zambia, pale ambapo malori ya nusu ya Afrika yanapanga foleni. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa baada ya kukuta wagonjwa wengi pale Nakonde. Huo ndio mlango wa kuingilia Rukwa. Ukikatia Matai kuna mpaka wa Kasesya, ukishuka ziwani kuna Kasanga, na kule boti zinakwenda Kongo na Zambia kama bodaboda zinavyokwenda Kizwite. Hakuna radi ya kupiga njia zote hizo.

Wenyeji hawakukaa kusubiri radi. Wiki zile za mwanzo, wakati wachekeshaji wanatafuta likes, mbele ya maduka zilitokea ndoo za koki na sabuni ya kipande iliyotobolewa na kufungwa kamba. Vibuyu chirizi, lile dumu la kukanyaga kijiti kwa mguu ambalo watoto wa shule za msingi wanalijua tangu kampeni za vyoo, likawa kitu cha maana ghafla. Mafundi cherehani wakaacha sketi wakashona barakoa za kitenge. Neno lenyewe barakoa wengi ndio kwanza walikuwa wanalisikia, wengine wakiita maski, wengine "kile cha mdomoni". Limao likawa na bei ya kujisikia, tangawizi nayo. Wakati wa Dar wanashindana nani ana salamu kali ya kugonganisha miguu, ile iliyoanzia Ikulu tarehe 3 Machi Rais Magufuli alipomsalimia Maalim Seif kwa mguu, bibi wa Kifipa alikuwa ana salamu yake ya miaka na miaka: anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za watu wote wa nyumbani kwako, na mkono wako hajaugusa. Hakuna aliyeitrendisha. Ingetoka Korea ingekuwa na chalenji yake.

Si kwamba kila kitu kilikuwa sawa, hapana. Kwenye vilabu vya pombe kimpumu kiliendelea kunyweka kwa mirija, chungu kimoja kimezungukwa na watu, na ukimwambia mzee akae mbali na mwenzake anakuuliza kwani wamegombana. Minada iliendelea kujaa.

Ila kilichouma zaidi ni walivyopokelewa wanafunzi wa vyuo.

Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Majaliwa alifunga shule zote mpaka kidato cha sita, siku iliyofuata vikafuata vyuo. Maelfu ya vijana wakapewa siku chache za kufungasha. Fikiria dogo wa Sumbawanga anasoma Dar. Boom limeisha, nauli kaungaunga, kakaa kwenye siti siku nzima na usiku juu, anashuka stendi na begi lake akiwa anawaza ugali na migebuka ya mama. Anakuta mtaa umeshamsubiri. Jirani anamsalimia kutokea dirishani. Watoto wa mtaa wanakimbia huku wanacheka, "corona, corona". Mama mdogo anampigia mama yake simu kumuuliza huyo mtoto kapimwa wapi. Akiingia dukani muuzaji anasogeza kisanduku cha hela kwa kalamu.

Tahadhari ilikuwa halali. Kumwambia mtu aliyetoka safari akae ndani siku 14 ndicho serikali ilichokuwa inasema kwa waliotoka nje ya nchi, na familia kuiga hilo si dhambi. Ila kuna njia ya kumwambia mtu akae chumbani huku unampelekea chakula mlangoni na kumuuliza kaamkaje, na kuna njia ya kumfanya ajione yeye ndiye ugonjwa. Mitandao ilishawafundisha watu hiyo ya pili. Walimwona yule mama wa Arusha alivyofanywa. Mtaa ulikuwa unaiga tu.

Halafu Aprili ikageuka. Tarehe 17 hadi 19 zikatangazwa siku tatu za maombi ya kitaifa. Nyungu zikawaka, mastaa wakajirekodi chini ya blanketi wanatoka jasho, baadhi yao ni walewale waliokuwa wanasema corona ni kiki. Mwanzoni mwa Mei Rais akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara na majibu yakarudi yana corona. Memu za papai zikapiga wiki nzima. Na katikati ya vicheko hivyo takwimu zikakata. Hesabu ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, haikusogea tena kwa zaidi ya mwaka. Watu wengi hawakushtuka maana walikuwa na papai la kuchekea.

Kutania kwenye shida ni jadi ya Mbongo na kunasaidia, mtu asiyecheka Machi ile angepata presha. Kuna tofauti lakini kati ya kulicheka papai na kumcheka mtu aliyelala karantini. Papai halina mama anayesoma komenti.

Na hao mastaa wa kiki za karantini watajiju, ila kuna jambo moja lisemwe. Baada ya yale mapokezi ya rapa na meneja, ni wangapi wenye majina waliojitokeza tena kusema wanaumwa? Wanahesabika. Mpaka mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilipotangaza kwamba Maalim Seif, wakati huo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana corona na amelazwa, ilionekana kama habari ya ajabu. Si kuumwa kwake. Kusema kwake. Tarehe 17 Februari akafariki.

Ufipa ni juu, na Juni kuna baridi ya kuingia kwenye mifupa. Mahindi yanavunwa, watu wanavaa makoti mawili, na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Miaka yote ilikuwa hivyo na hakuna aliyejali. Juni ile ya 2020 kikohozi kikawa na aibu. Tarehe 1 vyuo vilifunguliwa, wanafunzi wakarudi stendi alfajiri, begi lilelile. Basi limejaa, vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi. Mtu akikohoa, kichwa kizima cha basi kinageuka, naye anawahi kujitetea kabla hajaulizwa: ni vumbi tu la mahindi, jana walikuwa wanapukuchua.